Swali la Chini ya Kanga

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa viatu vyeupe. Si vya sikukuu wala vya harusi. Vya uuguzi, vile vya soli ya mpira visivyotoa sauti. Niliviona mara ya kwanza upande wa Tanzania, enzi za ukimbizi, miguuni mwa muuguzi mmoja mnene wa Mtwara aliyekuwa akipita kati ya vitanda kama vile sakafu imetandikwa pamba. Tangu hapo kila nilipotembea mchangani nilitembea kama yeye, polepole, kichwa juu. Mama aliniangalia siku moja akasema, "Huyu ama kachomwa na mwiba, ama kapenda." Kwa kweli nilikuwa nimependa.

Uhuru ulipokuja tulivuka mto Ruvuma kurudi kwetu, nchi iliyokuwa ya Wareno. Tulikaa kwanza Kionga kwa ndugu za mama, halafu tukahamia Palma. Nilirudi na mali mbili tu: darasa la sita nisilolimaliza, na Kiingereza cha kuokoteza. Zote mbili zilikosa mnunuzi. Huku shule ilikuwa ya Kireno, ofisi ya Kireno, hata matangazo ya duka la ushirika yalibandikwa kwa Kireno. Nikaandikishwa kisomo pamoja na akina mama wenye wajukuu, nikaanza upya a, e, i, o, u, na wao wakinitania: "Vipi, Mtanzania, herufi za huku chungu?"

Halafu akaja muuguzi wa kigeni. Alikuwa kooperante, ndivyo tulivyowaita wageni waliokuja kuisaidia nchi changa. Alitoka nchi ya barafu, mwanamke mrefu, shingo nyekundu kwa jua, mwenye kucheka haraka. Kireno chake kilikuwa cha salamu tu, Kiswahili hana. Lugha aliyoweza kufanyia kazi ilikuwa Kiingereza, nacho hakukizaliwa nacho. Msimamizi wa afya wa wilaya akaitisha mkutano uwanjani, akauliza, "Makamarada, nani hapa anajua Kiingereza?" Mkono wangu ukapanda kabla sijashauriana nao.

Masharti yakasomwa mbele ya watu. Nitamtafsiria muuguzi miezi mitatu. Kisha mkaguzi atakuja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, atakaa pembeni anisikilize. Akiridhika, nitakwenda kusoma uuguzi huko Pemba, kwa kuwa wakufunzi wawili wa kozi nao walikuwa makooperante wa Kiingereza na walitaka mwanafunzi wa kuwashika mkono. Kiti kilikuwa kimoja kwa wilaya yetu na ya jirani, Mosimboa. Waliposema "kiti" mimi niliona viatu.

Wiki ya kwanza karibu nitoroke. Kila asubuhi muuguzi alitoka kibarazani, akaitazama foleni, akauliza kama wanachemsha maji ya kunywa. Nami nikawageukia: "Je, mnachemsha maji?" Ilikuwa miaka ya mikutano. Tulikuwa tumezoea kuulizwa wote kwa pamoja na kujibu wote kwa pamoja. Foleni nzima ikainua ngumi: "Tunachemshaaa!" Wa nyuma wakamalizia kwa "Viva!" Muuguzi akafurahi, akaandika. Mtoto wa kwanza kuingia ndani alikuwa anaharisha, na mama yake akakiri kwamba maji yao ni ya kisimani, mabichi. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo.

"Uliza mmojammoja," muuguzi akaniambia.

Akaweka na utaratibu. Kabla sijamuuliza mgonjwa, nimrudishie yeye swali lile kwa Kiingereza, nikiligeuza limhusu mgonjwa, ajue nimelielewa. Akisema niulize kama mtoto anatapika, mimi kwanza nimwambie yeye: mtoto anatapika? Ndipo nimgeukie mama. Na hapo nikaumbuka. Kumbe Kiingereza changu cha Mtwara kilijua kueleza, hakikujua kuuliza.

Jioni wagonjwa wakiisha tulikaa kwenye ngazi na daftari. Akanionyesha kwamba Mwingereza anapotaka kuuliza hutanguliza kijineno mbele ya maneno yote, na kijineno hicho hubadilika kufuatana na anayeulizwa habari zake. Wewe, mimi, sisi, wao: "do". Yeye peke yake: "does". Ile "s" ambayo siku zote huning'inia kwenye kitendo cha mtu mmoja, ukiuliza inaondoka, inahamia mbele kwenye kijineno, na huku nyuma haibaki. Mimi nilikuwa naiweka kote. Nikiwa mkarimu. "Does she coughs? Does he eats?" Muuguzi akishika kichwa.

Pale kituoni palikuwa na bibi mmoja mfagizi. Ndiye aliyechota maji, aliyechemsha sindano, aliyefukuza mbuzi. Akasimama na ufagio wake.

"Nyie mnagombania nini kila siku?"

"Herufi, bibi."

"Herufi gani ya kumtoa mtu jasho hivyo?"

Nikamweleza. Akafikiri, akiegemea ufagio.

"Ah. Si kama sabuni ya mgawo dukani? Kipande kimoja kwa nyumba. Mama akishachukua pale mlangoni, binti aliye ndani asinyooshe mkono tena."

Nilipomtafsiria muuguzi, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo nikikosea hakunisahihisha kwa maneno mengi. Alipiga kelele moja tu, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili kulitamka sawasawa: "Sabuni!"

Nikapona ugonjwa wa sabuni. Ukabaki mwingine. Sisi watu wa huku mzee hatumfanyi mmoja. Baba hatusemi amekuja, tunasema wamekuja. Ndiyo adabu tuliyonyonya. Kwa hiyo alipokuja mzee anayekohoa, mdomo wangu wenyewe ulisema kwa Kiingereza: wazee hawa wanakohoa? Muuguzi akachungulia nje. "Wako wangapi?" Mmoja. "Kama ni mmoja, does." Nikasema "does", lakini nilisikia aibu, kama nimemvua mzee kofia. Nikawa naomba radhi kimoyomoyo kila mara. Mungu anajua niliomba radhi mara nyingi sana miezi ile.

Na bado nilikipenda kijineno hicho. Nilikuwa nakifikiria nikienda kisimani. Kiswahili swali ni kupandisha sauti tu, mtu mwenyewe amegandana na kitendo huko ndani. Unaweza kuuliza umati bila kumwona yeyote. Kiingereza hakikuruhusu. Hata kabla hujafungua kinywa lazima uangalie aliye mbele yako ni nani, mmoja au wengi, yeye au wewe. Nikadhani basi nimeshajua kuuliza.

Kulikuwa na jambo nililolificha, na hapa ndipo pa kulisema.

Kwetu msichana ambaye hajazaa hamuulizi mwenye mimba habari za damu. Ni aibu, tena wanasema kinywa kisichozaa kikilitaja jambo hilo ni kama kuliita lije. Na mbele ya mama mkwe wa mwenye mimba ndiyo haiwezekani kabisa. Muuguzi hakuyajua hayo. Mara mbili katika miezi ile aliniambia niulize swali hilo. Mara zote mbili nilimuuliza mwanamke, "Hujambo?", akasema hajambo, nami nikamwambia muuguzi kwa Kiingereza safi kwamba hatoki damu. Wanawake wale walikwenda salama. Nikajiambia kwamba hajambo maana yake ni hiyohiyo.

Mkaguzi alifika asubuhi ya joto kali. Alikuwa mtu wa bara, wa uwanda wa juu, aliyewahi kuishi kambini Tanzania kama sisi, kwa hiyo Kiswahili alikijua na Kiingereza alikisikia. Hilo lilinitisha. Nilikuwa nimetegemea mtu wa kusini asiyeelewa kitu. Akaweka kiti pembeni, akafungua daftari, akasema, "Endeleeni, makamarada. Mimi kama sipo."

Wagonjwa watatu wa kwanza nilitafsiri kama maji. Sabuni haikudondoka hata mara moja. Muuguzi akanikonyeza. Nikaanza kuisikia sakafu ya pamba chini ya miguu yangu.

Wa nne waliletwa kwa mtumbwi kutoka Afungi, ng'ambo ya ghuba. Mama mtu mzima, mpana, mwenye heshima zake, na mke wa mwanawe, mwenye mimba kubwa. Binti yule alikuwa rika langu. Pengine tungekutana mahali pengine tungesukana nywele. Alikaa ukingoni mwa benchi, hakuegemea. Mama mkwe ndiye aliyesema kwa niaba yake, kama inavyopasa: mtoto anasikia kizunguzungu, basi, ni uzito wa mimba na jua.

Muuguzi akamshika binti kope, akazitazama kwa ndani, akaacha kutabasamu. Akaniambia niulize kama anatoka damu.

"Does she bleed?" nikarudisha. Sawasawa kabisa, kijineno mbele, sabuni moja. Kalamu ya mkaguzi ikasikika.

Nikamgeukia mama mkwe. "Yeye hajambo lakini, mama?"

"Hajambo, mwanangu. Uzito tu."

Nikamwambia muuguzi kwamba hatoki damu. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika tena. Nilimwona akiandika. Nilijua kinachoandikwa ni kiti changu.

Nikamtazama binti, sijui kwa nini. Alikuwa amejifunga kanga tatu, moja juu ya nyingine, katika joto lile la kaskazi ambalo hata moja ilikuwa nyingi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Na alikuwa ananitazama mimi. Hakumtazama mkwewe, wala muuguzi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye ufunguo akipita na kwenda zake.

Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika cheti cha vidonge vya kuongeza damu.

Nikasema, "I do not ask." Wakati uliopita tulikuwa bado hatujaufikia katika daftari letu, kwa hiyo niliyasema yote kana kwamba yanatokea sasa hivi: mimi siulizi, yeye hasemi, ninayesema ni mimi.

Muuguzi akaiweka kalamu chini taratibu. Masikio yake yakawa mekundu kuliko shingo.

"Basi uliza sasa."

"Siwezi."

"Nani anaweza?"

Ndipo nikageuka mlangoni na kuita kwa sauti, "Kungwi!"

Nilipolisema nikataka kulimeza. Bibi mfagizi alikuwa kungwi, mji mzima ulijua. Nusu ya wanawake wa Palma aliwaingiza unyagoni yeye. Lakini miaka ile unyago ulikuwa umekatazwa mikutanoni, ukaitwa mambo ya giza yanayorudisha watu nyuma, na bibi mwenyewe alihudhuria mikutano hiyo na kupiga makofi kuliko wote. Kituoni aliitwa mfagizi, au kamarada, au bibi. Nami nimemwita kwa cheo chake mbele ya mkaguzi wa serikali.

Alikuwa mlangoni na ndoo. Akasimama kama aliyepigwa jiwe. Angeweza kabisa kuangalia nyuma yake, kama vile anayeitwa ni mwingine. Akaitua ndoo. Akafuta mikono kwenye kanga yake, mmoja, halafu wa pili. Akaingia.

"Mama," akamwambia mkwe, "niazime mwanao kidogo. Sitamla. Meno yenyewe nimebakiwa na mawili, na hayapatani."

Mama mkwe akacheka bila kutaka. "Mchukue, lakini umrudishe mzima."

"Nikimrudisha na nusu utanidai?"

Akaketi kando ya binti, akavua kanga ya begani, akawafunika nayo wote wawili, vichwa na mabega. Ndivyo kungwi anavyosema na mwali wake: kanga moja, vichwa viwili, maneno hayatoki nje. Sisi tulibaki tunaitazama kanga. Ilikuwa ya kijani, imechakaa. Ilitikisika kidogo. Tukasikia bibi akinong'ona, kisha sauti ndogo ya binti, kisha kilio kama cha mtoto aliyezuia muda mrefu. Mkaguzi alikuwa ameinamisha macho. Alilijua jambo lile. Hakuna mwana wa bara asiyelijua.

Bibi akatoa kichwa. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Mwambie mzungu. Damu, tangu juzi. Haimuumi popote, inakuja tu. Kanga za ndani zimelowa. Amemwogopa mkwewe, asimwone kashindwa kubeba."

"Jamani!" mama mkwe akasema, na akakaa chini sakafuni palepale.

Nikatafsiri. Sikumbuki kama nilitafsiri vizuri. Muuguzi hakungoja "s" yoyote. Alisema neno moja tu, gari, na gari katika Palma nzima siku hiyo lilikuwa moja, lile la mkaguzi. Naye alikuwa ameshasimama. Alitoka nje, akateremsha sanduku lake mwenyewe, akatandika mkeka nyuma, akamwambia dereva aende Mosimboa, kwa daktari wa kupasua, asisimame njiani hata akiitwa na nani. Muuguzi akapanda na binti na mkwe. Mimi sikupata nafasi. Tulibaki kibarazani watatu: mkaguzi, bibi na mimi, na vumbi.

Mkaguzi alikaa Palma siku tatu akingoja gari lirudi, akilala kwa msimamizi wa afya, akila muhogo. Siku ya pili alikuja kunikuta naosha chupa.

"Ulidanganya mara ngapi kabla ya jana?"

"Mbili."

"Wangekufa?"

"Hawakufa."

"Sijauliza kama walikufa."

Akaketi kwenye ngazi, palepale nilipofundishwa.

"Kiingereza chako kizuri," akasema. "Na jana ulipoamua kusema kweli ulisema nikiwa hapa na kalamu, hilo nalo nimeliandika. Lakini kule Pemba hutakuwa na yule bibi. Utapewa wodi, peke yako, na wajawazito ishirini. Nikikupeleka na kinywa hiki, atakufa mtu. Unanielewa, mwanangu?"

"Nakuelewa, baba."

"Hasira?"

"Hapana." Halafu nikaona nimeshaanza tena. "Ndiyo. Kidogo. Sana."

Akacheka. Alipoinuka akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Kwani jana ulimwita nani vile, pale mlangoni?"

Bibi alikuwa anafagia hatua tano kutoka pale. Ufagio ukasimama.

"Nilimwita…"

"Mfagizi," mkaguzi akasema. "Ndivyo nilivyosikia. Ndivyo nilivyoandika." Akaenda zake.

Kiti kilikwenda kwa dada mmoja wa Mosimboa mwenye Kireno safi, Kiingereza kidogo na mtoto mmoja. Nilipopata habari nililia nyuma ya tangi la maji, nisidanganye. Muuguzi alinikuta, akakaa na mimi mchangani na sare yake nyeupe, akaniambia kwamba hasira zake hazijaisha, na kwamba kesho nifike mapema. Nikafika. Nikakuta ameongeza kigoda cha tatu chumbani, katikati ya changu na chake. Cha bibi. Tangu hapo maswali yale yakawa yanapita mikono mitatu: muuguzi ananiambia mimi, mimi namwambia bibi, bibi anatandaza kanga. Jibu linarudi njia ileile. Ni polepole. Foleni inalalamika.

Binti wa Afungi alirudi baada ya wiki kadhaa. Mtoto hakupona. Yeye alipona. Walipita kituoni kabla ya kuvuka kwenda kwao, na nilimsikia mama mkwe akibisha hodi na kumuuliza bibi, "Wamo?"

"Mzungu ametoka kidogo," bibi akasema.

"Simuulizii mzungu. Namuulizia mkalimani. Wenyewe wamo?"

Niligeuka kuangalia nani mwingine yumo chumbani. Hakuwamo mtu. Nilikuwa peke yangu, na chupa, nisiyezaa, nisiye na kozi, na yule mama alinifanya wengi. Sikujua niweke wapi mikono.

Wakaingia. Mama mkwe akatoa nazi sita, akatoka kusema na bibi barazani. Binti akabaki, amekaa ukingoni mwa benchi vilevile. Safari hii alikuwa na kanga mbili tu, na midomo ilikuwa midomo. Muuguzi alikuwa ameniachia karatasi ya maswali ya kumuuliza akipita, na bibi ndiye aliyetakiwa kuyauliza. Nikasimama nimwite.

"Acha," binti akasema. "Niulize wewe."

Nikaketi. Nikavua kanga yangu begani, nikatufunika. Humo ndani palikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nazi. Nikamuuliza. Kama damu imekoma, kama maziwa yanamsumbua, kama analala. Sauti yangu ilitetemeka kwenye swali la kwanza, la pili ikakaa. Alijibu yote. Tulipomaliza hakuna aliyeifunua kanga.

"Na mimi nina swali," akasema.

"Uliza."

"Mbona watembea hivyo, kama umechomwa na mwiba?"

Nikamwambia habari za viatu. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.